Nusu ya Kitabu cha Mwalimu Hilda

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Hilda kule Mpale, na msemaji wa shughuli akanipa dakika tatu nizungumze kwa niaba ya waliosoma naye. Dakika tatu si haba kwa mtu anayejua aanzie wapi. Mimi nilishika kipaza sauti nikasema alikuwa mtu mwema, mpole, mchapakazi, maneno yanayosemwa juu ya kila marehemu, hata yule aliyekuwa mkali kama pilipili. Kisha sauti ikanikauka, nikarudi kukaa. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu alinipapasa mgongo akidhani ni kilio. Kilikuwa kilio, ndiyo, lakini kilichonikaba zaidi ni wingi wa ya kusema. Nilitaka kuwasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa shahada, nilipokuwa na miaka ishirini na saba, nikifundisha shule ya msingi Kabuku na kujiona nimekwisha kuelimika kabla hata ya kuanza. Sasa nimepita arobaini, nimeshavaa miwani, na kila nikiukumbuka mwaka ule nasema alhamdulillahi. Basi nauandika.

Sote tulikuwa walimu, tuliojiunga na chuo kikuu kwa masomo ya masafa. Jumatatu hadi Ijumaa kila mtu yuko darasani kwake na chaki. Jumamosi na likizo tunakutana Korogwe mjini katika ukumbi uliopangwa na chuo. Siku ya kujiandikisha, mratibu wetu, bwana mrefu ambaye suruali yake ilipigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama, aliweka meza mbili. Kushoto yalikuwa marundo ya vitabu vilivyochapwa, vinne kwa kila mwanafunzi, vimefungwa kwa kamba ya katani. Kulia zilikuwa tableti ndani ya maboksi meupe, vitabu vile vile vinne vimo ndani yake. "Mnachagua," alisema. "Karatasi au tableti. Ukishasaini, umesaini mpaka mwaka uishe. Sitaki mtu arudi hapa kulialia." Mimi sikuwaza mara mbili. Kabuku iko barabarani, umeme upo, na madaftari yangu yote ya chuo cha ualimu yalikuwa yameliwa na mchwa katika chumba nilichopanga. Tena, niseme kweli, nilitaka kuonekana na kile kitu. Katika shule yetu hakuna mwalimu aliyekuwa nacho.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, amevaa sweta katika joto lile la Korogwe, nikajua huyu ameteremka milimani alfajiri. Alisimama katikati ya meza mbili, akachukua tableti, akaipima uzito mkononi kama mtu anayenunua nyama.

"Hii ikizimika, mwanangu, naiwashia nini?" alimuuliza mratibu. "Kwetu Mpale nguzo za umeme hazijapanda."

"Kuna sola, mama."

"Sola inataka jua. Kwetu kuna ukungu."

Watu wakacheka. Akairudisha polepole, akaenda kushoto, akasaini, akajitwisha vitabu vyake kichwani palepale ukumbini. Alipopita karibu yangu akatazama kiboksi changu cheupe akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Na hiyo ukiiangusha?"

Nami kwa kiburi cha ujana nikamjibu, "Shikamoo, mama. Na hayo makaratasi yakinyeshewa?"

"Marahaba. Nitayaanika," alisema. "Kama maharage."

Huyo ndiye Hilda. Jioni ile ile nikamkuta katika chumba nilichoelekezwa kupanga, mtaa wa Manundu, kwa mjane mmoja wa Kizigua tuliyemwita Mama Nasoro, aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza asubuhi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya futi tatu, dirisha moja lenye wavu uliotoboka, na meza moja. Meza ikawa ya Hilda bila mjadala, kwa kuwa vitabu vinataka meza. Mimi nilijilaza kitandani na tableti yangu kifuani. Vitabu vyake alivivalisha majalada ya karatasi za kalenda ya zamani, juu yake akazungushia nailoni, kila kona akaikunja kwa kidole kama mtu anayefunga sambusa. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema tangu azaliwe hajawahi kumiliki kitabu kipya. Vyote alivyosomea vilikuwa na majina ya watu wengine ndani, akalipatia lake nafasi pembeni. Alisema hivyo akiendelea kukunja, wala hakulalamika. Kila Jumamosi alikuja na maharage, viazi na maparachichi ya Mpale, mimi nikaja na machungwa ya kwetu, na Mama Nasoro alitupikia makande tukala watatu kwenye mkeka sebuleni. Nimekula karamu nyingi baada ya hapo. Sijala makande kama yale.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa chumba kimoja kilisikika vyote. Asubuhi moja tulikuwa tunasoma, tukamsikia Mama Nasoro akimwambia jirani yake, wakiwa kwenye karai la mafuta: "Yule mkubwa kaja kusoma. Namwona, vitabu vyake mezani. Lakini huyu mdogo, mh! Tangu kumekucha yuko na simu. Simu lenyewe kama sinia. Huyo anachati na wanaume wawili kwa mpigo." Hilda alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Aliposhindwa kuvumilia akapaza sauti kuvuka ukuta: "Mama Nasoro, huyu naye anasoma! Mle ndani mna vitabu!" Kisha jibu likaja: "Mwalimu, vitabu havina mwanga." Siku hiyo tulicheka mpaka jirani naye akaingia kuona kinachochekesha. Lakini jambo lenyewe lilinifuata hadi Kabuku. Nikifungua tableti ofisini wakati wa mapumziko, mwalimu mkuu alikohoa. Siku moja akaniita pembeni: "Mwalimu Zubeda, mambo ya simu yasubiri nyumbani." Nikamwonyesha sura ya tatu ya saikolojia ya elimu. Akaisoma mistari miwili, akakubali, kisha akaniomba hata hivyo nikae mbali na dirisha, wazazi wasije wakaniona. Kumbe karatasi ilikuwa na heshima ambayo kioo hakikuwa nayo. Hilda akifungua kitabu chake hata kwenye gari, watu walimsogezea nafasi.

Mimi nami nilikuwa na yangu ya kujivunia. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza kizito, na kwenye tableti ukiandika neno moja tu linakupeleka kila mahali lilipo. Mhadhiri akiuliza jambo, mimi ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Hilda alikuwa akilamba kidole, anafunua, anarudi, anafunua tena. Jumamosi moja mhadhiri aliuliza swali juu ya watoto wanaochelewa kusoma, akamtaja Hilda kwa jina ajibu. Akaanza kufunua. Ukumbi ukasubiri. Mimi nilikuwa tayari nimelipata, na kimya kile kiliniwasha, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Mama, mpaka ukurasa huo uupate tutakuwa tumeshastaafu wote." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhadhiri naye akatabasamu, akanipa mimi nafasi nijibu. Nikajibu vizuri sana. Nilipokaa nikageuka kumtazama Hilda nikitegemea atacheka, kama alivyocheka siku ya vitumbua. Alikuwa amefunga kitabu na mikono yake miwili imekaa juu ya lile jalada la kalenda. Mchana ule alinipakulia makande kama kawaida, akaniwekea na kipande kikubwa cha parachichi. Hakusema neno juu ya jambo lile. Mimi nami sikusema, nikajidanganya kwamba kama angeumia angesema.

Wiki nne kabla ya mitihani, umeme ulikatika Kabuku siku mbili. Uliporudi ulirudi kwa kishindo. Balbu ya chumbani ilipasuka, redio ya jirani ikatoa moshi, na tableti yangu, niliyokuwa nimeiacha kwenye chaji wakati nipo darasani, nikaikuta ya moto mithili ya pasi. Haikuwaka tena. Vitabu vinne vilikuwa mle, na maandishi yangu yote ya mwaka mzima, kila muhtasari, kila swali. Fundi wa simu wa stendi aliifungua, akainusa, akaifunga. "Hii imeungua moyo, dada," alisema. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nikapanda gari kwenda Korogwe kwa mratibu. Alinisikiliza vizuri, hakunifokea. Vitabu vya ziada havikuwepo. Tableti nyingine ingetoka makao makuu baada ya miezi miwili au mitatu. Na zile faili zilikuwa zimefungwa, kila moja inafunguka kwenye tableti ya mwenyewe tu, kwa hiyo hata mwenzangu asingeweza kunigawia. Akanishauri niahirishe mwaka. "Si aibu, mwalimu. Wengi huahirisha." Nilikwenda kwenye steshenari moja nikauliza kutoa kopi vitabu vinne vya kurasa mia tatu mia tatu, mwenye duka akataja bei, nikamshukuru nikaondoka. Wenzangu wakaao pale mjini niliowaomba kitabu waliniangalia kwa huruma, lakini kila mmoja alikuwa na mtihani wake. Mmoja alisema, bila ubaya mwingi, "Si tutakuwa tumestaafu?" Hapo ndipo nilipojua kwamba kila mtu alikuwa anakumbuka.

Nilifika kwa Mama Nasoro nikiwa nimeamua kuchukua nguo zangu na kurudi. Nilikuwa natoa kanga kwenye kamba Hilda alipoingia, amewahi siku moja kwa kuwa shule yao ilikuwa na mapumziko. Akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza yote nikiwa nimempa mgongo, maana sikuwa na uso wa kumtazama, na sikumwomba kitu. Sikuwa na haki ya kuomba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamsikia anatoka, anamwambia Mama Nasoro uani, "Naomba kisu. Kile kikali cha nyama."

Alirudi na kisu, na Mama Nasoro nyuma yake akiwa na wasiwasi wa kisu chake. Hilda akaketi mezani, akavua nailoni ya kitabu cha kwanza, akavua jalada la kalenda, akakifungua katikati. Alitafuta mahali sura inapoishia, akakilaza kifudifudi, akaukandamiza mgongo wake kwa kiganja mpaka gundi ikalia. Nikasema, "Mama, usifanye hivyo." Akapitisha kisu. Alikata taratibu, kama mtu anayepasua samaki asiharibu nyama. Kitabu kikawa viwili.

"Mwalimu!" Mama Nasoro alishika kichwa. "Si ulisema ndivyo vipya vya kwanza maishani mwako?"

"Ndiyo. Bado ni vipya," alisema Hilda, akavuta cha pili.

Alikata vyote vinne. Kisha akapanga nusu za mwisho upande wangu wa meza, nusu za mwanzo upande wake. "Wewe Kabuku soma kuanzia katikati. Mimi nasoma mwanzo. Jumamosi ijayo hapa hapa tunabadilishana. Wiki nne, kila mmoja atapita kotekote mara mbili. Na acha kulia juu ya karatasi, zitalowa."

Nilirudi Kabuku na nusu zangu nne ndani ya mfuko wa rambo. Nilianza kusoma kama nilivyozoea, natafuta neno, nikakuta hapana pa kuliandika. Ikabidi nisome mstari baada ya mstari, kama mtu anayetembea njia aliyozoea kuipita kwa gari. Na pembeni mwa kila ukurasa alikuwepo Hilda. Alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, mwandiko wa duara wa mwalimu wa darasa la kwanza. Palipo na nadharia ngumu aliandika, "Yaani mtoto hajifunzi kwa kuogopa." Palipozungumziwa watoto wanaotumia mkono wa kushoto, aliandika, "Mwanafunzi wangu Tatu. Nimwombe radhi." Palipo na maelezo ya mtoto anayekaa kimya darasani: "Si bubu. Ana njaa. Rejea Salimu." Kurasa nyingine zilikuwa na majina manne matano ya watoto wa Mpale nisiowajua, na mbele ya kila jina neno moja au mawili. Mimi niliyajua maneno ya kitabu kile kuliko yeye. Ningeweza kukuonyesha kila yalipo. Sikuwa nimewahi kuuliza hata mara moja yanamhusu nani. Wiki ile niliingia darasani kwangu nikawatazama watoto sitini na mbili, nikaanza kuona nani ana njaa.

Kisha nikafika sura ile ya watoto wanaochelewa kusoma. Juu kabisa ya ukurasa, kwa penseli ile ile, palikuwa pameandikwa: "Hapa ndipo waliponicheka. Jibu ni mstari wa tano."

Alikuwa amejaribu kuyafuta, alama ya raba ilionekana. Labda aliyafuta siku ile ile, labda dakika ile aliponigawia. Nilikaa na ukurasa ule siku nzima. Mwalimu mkuu alipita, akaniona na karatasi mkononi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumamosi nilifika Manundu kabla yake nikamsubiri mlangoni. Hakuwa hata ametua mzigo nilipoanza kusema. Nikamwambia siku ile ukumbini nilimkosea, nilitaka sifa nikazitafuta juu ya mgongo wake, na ninamwomba anisamehe. Nilitegemea aniambie ameshasahau, kama watu wanavyosema. Hilda hakuwa mtu wa kusema hivyo.

"Sikusahau," alisema. "Iliniuma mpaka Mombo kwenye gari. Nikasema, huyu binti ana akili, ila hajapata wa kumkanya. Nikataka nikukanye. Kisha nikawaza, nikimkanya leo nitamkanya kwa hasira." Akatua mzigo. "Imepita muda, nikaona hasira imekwisha na kukanya nako kumekwisha. Nimekusamehe, Zubeda. Leta nusu zangu."

Tulibadilishana hivyo hadi mitihani. Tulipokuwa pamoja alinisomea ya upande wake kwa sauti, mimi nikamsomea ya upande wangu, na Mama Nasoro akikoroga unga wa vitumbua alisikiliza na mara nyingine akaingilia: "Huyo mtoto wa kwenye kitabu, mama yake yuko wapi?" Tulilichukulia kama utani mwanzoni. Baadaye tukaona ni swali. Niliandika swali lake pembeni mwa ukurasa, kwa penseli ya Hilda, na siku ya mtihani wa saikolojia nililitumia kufungulia jibu langu la kwanza.

Matokeo hayakubandikwa ukutani. Yalitoka mtandaoni tu, na Mpale mtandao ulikuwa wa kutafutwa kwa kupanda kilima. Nilikwenda kwenye intaneti ya Korogwe, nikaingiza namba yake ya usajili kwanza, kisha yangu. Ningeweza kumtumia ujumbe, akausoma siku atakayopanda. Badala yake nikapanda gari la kwenda mlimani, mara yangu ya kwanza, nikiwa na sweta la kuazima. Nilimkuta nyumbani kwake, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, moshi ukitoka jikoni. Sebuleni walikuwa wamekaa walimu vijana wawili wa shule yake, mmoja ana nusu ya kitabu, mwingine ana nusu nyingine. "Hawa wanaanza chuo mwakani," alisema Hilda. "Nimeona wasikae bure." Akanisalimu kwa Kishambaa, onga mshi, akacheka nilivyojibu vibaya, akaniwekea ugali wa moto na maharage na mboga ya majani. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni. Sikuweza kusubiri kula. Nikamwambia: umefaulu, masomo yote manne.

Hakupiga kelele. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwa kanga, akaingia chumbani, akatoka na karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kalamu. "Niandikie," alisema. "Nataka niyasome mwenyewe." Nikaandika kila somo na alama yake, kwa mwandiko mzuri kuliko niliowahi kuandika ubaoni. Alisimama mlangoni kwenye mwanga, akasoma akifuata kwa kidole, akarudia tena kutoka juu. Wale vijana walikuwa wameacha kusoma wanamtazama. Kisha akanirudishia karatasi na kalamu.

"Na zako andika hapo chini," alisema. "Hatukusoma mbali mbali."